Ini la Mtu Asiyekunywa

Gombosuren alipokufa kwa saratani ya ini, watu walisema ni vodka. Hawakusema kwa ubaya. Walisema wakitikisa vichwa, wameshika bakuli za chai ya chumvi aliyoipika mjane wake, mvuke ukiwalowesha nyuso kama machozi ya bure.

"Kinywaji," alisema Nyamdoo, kaka mkubwa wa marehemu. "Kimemla mdogo wangu ndani kwa ndani."

Yanjmaa, mjane mwenyewe, aliweka birika chini.

"Kinywaji gani, shemeji?"

"Tuyaache, shemeji. Marehemu hasemwi."

"Mbona wewe unamsema? Nakuuliza, uliwahi kumwona amelewa? Uliwahi kumwona akimeza hata funda moja?"

Nyamdoo aligeukia mlango. Hakuwahi. Bonde zima hakuna aliyewahi. Kikombe cha vodka kilipomfikia Gombosuren harusini, alichovya kidole cha pete, akarusha tone kwa mbingu, tone kwa upepo, tone kwa ardhi, kisha akakirudisha kikombe kimejaa vilevile. "Mbingu imeninywea," alikuwa akisema. Vijana walimcheka, wakamwita lama, mtawa aliyepotea njia akaoa. Alicheka nao, akaenda kwa farasi wake.

"Basi alikuwa akinywa peke yake huko malishoni," jirani mmoja alinong'ona. "Ini halidanganyi."

Maneno hayo yalimkwama Yanjmaa kooni kama mfupa wa kondoo. Hayakushuka, wala hakuweza kuyatema mbele ya wageni wa msiba.

Alikuwa mpishi wa bweni la shule, hapa makao ya wilaya. Watoto wa wafugaji huletwa kila vuli kwa pikipiki na magari ya mizigo, wakilia, wakinuka maziwa na moshi, na yeye ndiye aliyewapokea kwa supu. Alijua nani hali mafuta, nani anakojoa kitandani, nani analia akila kwa sababu mchuzi umefanana na wa mama yake. Alikuwa na mkono mzito wa kukanda unga na mdomo mwepesi wa kukanda watu. Mwalimu mkuu mwenyewe alipita jikoni kwa kunyata.

Ukweli wa kifo cha mumewe aliujua, maana aliambiwa. Kule hospitali ya mkoa, Gombosuren akiwa bado anapumua, daktari mmoja kijana mwenye nywele fupi alimwita pembeni.

"Mama, mzee anakunywa sana?"

"Hanywi."

"Wote husema hivyo."

"Mimi si wote. Mpime."

Alimpima. Aliporudi alikuwa ameinamisha uso. "Nisamehe, mama. Ni kirusi. Homa ya ini, ile aina ya C. Kinaingia kwenye damu, kinakaa kimya miaka na miaka, mtu anachunga, anaoa, anacheka. Huko ndani kinalichoma ini kidogo kidogo. Likipona linabaki kovu, kovu juu ya kovu, mpaka saratani inaota humo."

"Alikiokota wapi?"

"Kwenye damu ya mtu mwingine. Kwetu hapa mara nyingi ni sindano, hasa zile za zamani. Pima na wewe, mama. Na mtoto wenu apimwe. Siku hizi kuna vidonge vinavyokifuta kabisa, mtu akiwahi."

Akiwahi. Gombosuren hakuwahi.

Yanjmaa alipimwa palepale, na kirusi kilikuwemo. Bahati yake ini lilikuwa halijaharibika sana. Alipewa vidonge, akaambiwa avimeze bila kuruka hata siku moja. Alirudi nyumbani na mwili wa mumewe na paketi ya dawa. Siku za msiba zilipokwisha, habari zilikuwa zimemfuata, kwa kuwa muuguzi mmoja wa huko ana dada yake hapa, na dada yake ana simu.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Dada Yanjmaa, nadhani upumzike kidogo."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Wazazi wanaogopa. Watoto wanakula kutoka mkononi mwako."

"Daktari amesema hakipiti kwenye chakula. Hakipiti kwenye bakuli, hakipiti kwenye mate. Kinapita kwenye damu."

"Daktari yuko mkoani, dada. Wazazi wako hapa."

Alipokwenda jikoni kuchukua vitu vyake, alikuta mwiko wake wa mbao, mwiko uliokuwa umeshika umbo la kiganja chake, unawaka ndani ya jiko pamoja na samadi kavu. Msichana aliyewekwa badala yake hakuthubutu kuinua macho. Yanjmaa alisimama akautazama mpaka ukawa kaa. Ndivyo walivyomlipa kwa supu yote ile.

Hayo angeyavumilia. Lililomnyima raha lilikuwa jingine. Mwanawe pekee, Zolbayar, aliyekuwa akichunga farasi wa baba yake, alikuwa ameanza kuchoka. Kijana aliyekuwa akimkamata farasi mwitu kwa kamba ya ufito huku akiimba, sasa alikuwa akishuka kwenye tandiko na kukaa chini kwanza. Uso wake ulikuwa na rangi ya siagi iliyokaa. Na Yanjmaa alikuwa ameiona rangi hiyo, mwaka mmoja tu nyuma, kwenye uso mwingine.

"Twende mkoani ukapimwe," alimwambia.

"Nimechoka tu, mama. Majira ya baridi yamekuwa marefu."

"Baba yako alisema maneno hayohayo."

"Na nikipimwa kikaonekana? Hapa siri haikai hata kwenye mtungi. Umeona walivyokufanya. Unataka Uyanga aniache?"

Uyanga alikuwa mchumba wake, msichana mrefu mwenye kicheko cha ghafla, na mama yake Uyanga ndiye Dolgorjav, tabibu wa bonde. Hapo ndipo mambo yalipofungwa fundo.

Maana sisi watu wa bonde hili tunapenda sindano. Kidonge tunakiona kama jibini kavu, kitu cha kumpa mtoto atulie. Dawa ni ile inayouma. Theluji ikianza kuoza na upepo wa vumbi ukianza kupiga, tunasema damu imelala, lazima iamshwe. Basi tunakwenda kwa Dolgorjav, mzee na mtoto, mzima na mgonjwa, tunakunja mikono ya majoho, tunadungwa vitamini, tunatundikiwa dripu za sukari. Anayetoka bila kudungwa anajiona amedhulumiwa. Yanjmaa naye alikuwa hivyohivyo. Gombosuren alikuwa akiogopa sindano, na ni mkewe aliyekuwa akimsukuma mgongoni: "Nenda! Farasi mzima unamtuliza, sindano inakutoa jasho?"

Dolgorjav tulimpenda, na alistahili. Alizalisha wanawake wetu kwenye mahema yaliyozikwa na theluji. Alipanda farasi usiku na mchana na sanduku lake la chuma kiunoni, na ndani ya sanduku mabomba mawili ya kioo na sindano chache. Siku hizi mabomba ni ya plastiki, ya kutumia mara moja na kutupa. Lakini Dolgorjav ni mtu wa zama ambazo kitu hakitupwi. Aliyaosha, akayapanga juu ya taulo safi karibu na jiko, yakakauka, yakatumika tena. Kila aliyeingia aliyaona. Tulisema, tazama mwanamke huyu alivyo msafi!

Mwezi Mweupe ulipoandama, mwaka mpya wetu, ilibidi familia ya kijana ikawasalimu wakwe. Walikwenda watatu: Nyamdoo kama mkubwa wa ukoo, Yanjmaa, na Zolbayar akiwa amevaa joho la baba yake, ambalo sasa lilimpwaya. Njiani kijana alimsihi mama yake.

"Mama, leo usiseme kitu. Kwa ajili yangu."

"Nitakula buuz na kunyamaza."

"Apa."

"Siapi. Nitajitahidi."

Waliingia, wakapokea salamu za mikono juu ya hariri ya buluu, wakabadilishana vichupa vya ugoro, wakaulizana kama mifugo imepita majira ya baridi salama. Meza ilikuwa imejaa: mgongo wa kondoo mzima, mnara wa keki ngumu, buuz zinafuka, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa nyama. Uyanga alimimina chai. Bakuli la mbao lenye ukingo wa fedha kwa Nyamdoo. Bakuli kama hilo kwa Zolbayar. Akaliinua la tatu, na mama yake akamzuia mkono.

"La mama mkwe wako ni lile pale," Dolgorjav alisema taratibu.

Kilikuwa kikombe cha karatasi, kile cha kutupa.

Uyanga aliona haya mpaka masikioni. Nyamdoo alianza ghafla kuisifu nyama. Yanjmaa alitazama kikombe, akamtazama mwanawe, na macho ya mwanawe yalikuwa yakimwomba. Alikipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akanywa. Karatasi ililegea kwa moto wa chai na kumchoma vidole. Alikuwa ameahidi kujitahidi.

"Mkwe wangu mbona mnyonge hivi?" Dolgorjav alimgeukia Zolbayar, na sauti yake ilikuwa ya mama kweli. "Tazama macho! Damu imekuwa nzito. Haifai kungoja theluji itoke. Kunja mkono, nikudunge sasa hivi, ukale sikukuu una nguvu."

Alinyoosha mkono kwenye taulo karibu na jiko.

"Usimguse," Yanjmaa alisema.

"Mama!" Zolbayar alisema.

"Nimesema usimguse mwanangu."

Dolgorjav aliganda, bomba mkononi. "Una nini, mkwe mwenzangu? Ni vitamini."

"Unaogopa bakuli langu, lakini huiogopi sindano yako? Bakuli langu limewalisha watoto wa wilaya hii tangu baadhi yao hawajaota meno, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa bakuli. Hiyo uliyoshika imetoka mkononi mwa nani?"

"Nimeichemsha!"

"Plastiki unaichemsha?"

"Nimeiosha kwa maji ya moto. Yanjmaa, usinivunjie heshima nyumbani kwangu siku ya Mwezi Mweupe. Mimi nilimtoa mtoto huyu tumboni mwako kwa mikono hii!"

"Ulimtoa. Sikatai. Ulikuja na dhoruba, nyusi zako zimekuwa barafu, na ningekufa kama usingekuja. Lakini unaikumbuka chanjo ile, hemani kwa marehemu mzee Bazar? Bonde zima tulipanga mstari, wewe na sindano mbili. Asubuhi ulichemsha. Halafu samadi ikaloa, moto ukafa, watu wakapiga kelele mifugo inawangoja. Ukawa unapangusa tu kwa spiriti."

"Ndivyo tulivyofundishwa. Kama hakuna moto, spiriti."

"Na spiriti ikaisha."

Dolgorjav alilirudisha bomba kwenye taulo.

"Ikaisha, shemeji Nyamdoo, na wewe ukatoa chupa yako ndani ya joho. Ukasema vodka ni spiriti tu, itafaa. Tukacheka sana! Mbele yangu alikuwa baba yake Zolbayar. Nyuma yangu sijui nani. Zolbayar alikuwa mgongoni kwangu, mtoto wa kubebwa. Sindano ikapanguswa kwa vodka, ikapita kwa baba yake, ikapanguswa kwa vodka, ikaja kwangu, ikapanguswa kwa vodka, ikaenda kwa mtoto." Sauti yake sasa ilikuwa imepanda. "Hiyo ndiyo vodka pekee iliyoingia mwilini mwa mtu yule maisha yake yote. Na mkakaa nyumbani kwangu, mnakunywa chai yangu, mnamwita mlevi!"

Nyamdoo aliitazama nyama. Kisu kilimtoka mkononi kikalala sahanini.

Zolbayar alisimama. "Umefurahi, mama?" alisema kwa sauti ndogo kuliko zote. "Umefurahi sasa?" Akatoka. Walisikia farasi akikanyaga theluji ngumu, akienda mbio.

Kwa muda mrefu hakuna aliyemwona. Alihamia kambi ya mbali na farasi zake, na mama yake akawa analala na viatu, akisubiri sauti ya kwato. Wilaya nzima ilikuwa na la kusema. Wengi walisema Yanjmaa amechanganyikiwa kwa msiba. Wengine walisema ni wivu, kwa sababu Dolgorjav bado ana kazi na yeye hana. Mwezi haujaisha, mlangoni kwa Dolgorjav watu walikuwa wamepanga mstari wakingoja dripu za majira ya kuchipua. Nao walioketi hapo ndio wale waliohamia benchi jingine Yanjmaa alipoingia dukani.

Kisha ikaja gari ya afya kutoka mkoani, kupima homa ya ini bure katika ukumbi wa utamaduni. Wauguzi walipanga meza, wakapanga viti, wakawasha hita. Viti vilibaki vitupu. Watu walikuja, ndiyo, lakini walisimama mbali, kwenye gogo la kufungia farasi, wakijifanya wanatengeneza pikipiki. Kila mmoja alitaka kuona nani ataingia. Kuonekana ukiingia kulikuwa sawa na kuwa na kirusi.

Yanjmaa alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mnaogopa nini? Tone moja la damu, na sindano mpya, inafunguliwa mbele ya macho yako! Kwa Dolgorjav mnasukumana, hapa mnanyata kama mbwa walioiba?"

"Wewe ulishapima, ukapata nini?" mtu mmoja alipaza sauti. "Umepoteza kazi!"

Wakacheka.

Katikati ya kicheko hicho walitokea farasi wawili kutoka upande wa mto. Wa mbele alikuwa Uyanga, na nyuma yake Zolbayar, amekonda, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Uyanga alikuwa amemfuata kambini peke yake. Baadaye alisimulia alichomwambia: "Mama yangu amenidunga kila mwaka tangu nizaliwe. Kama unacho, huenda ninacho. Unataka tuoane tukiwa vipofu?" Na siku aliyoondoka nyumbani, aliyachukua mabomba yote ya plastiki kwenye taulo akayatia ndani ya moto wa jiko. Nyumba ilinuka siku nyingi.

Alishuka, akamshika mchumba wake mkanda wa joho, akamvuta kupita mbele ya watu wote, mbele ya pikipiki zisizo na ubovu wowote. Waliingia. Mlangoni Zolbayar alipita karibu na mama yake bila kumtazama, lakini aliliacha bega lake ligusane na lake.

Uyanga alikutwa salama. Zolbayar alikuwa nacho.

Dolgorjav hakuja. Alituma neno kuwa yeye ni tabibu na mwili wake anaujua. Mpaka leo hajapima. Mpaka leo wapo wanaokwenda kwake, ingawa sasa baadhi yao hubeba bomba lao jipya mfukoni na kulitoa kwa aibu, kana kwamba wanamtukana. Mwiko wa Yanjmaa uliungua, na hakuna aliyemwomba radhi. Nyamdoo alianza kusema mdogo wake alikufa kwa maradhi, bila kusema maradhi gani. Zaidi ya hapo hakufika.

Yanjmaa alimpeleka mwanawe mkoani kwa gari la kwanza lililokuwa na nafasi. Daktari yuleyule mwenye nywele fupi alimlaza kijana, akamtazama tumboni kwa mashine, polepole, akirudia mahali palepale. Yanjmaa alisimama ukutani. Hakuweza kukaa.

"Lina makovu," daktari alisema mwishoni. "Lakini uvimbe hamna. Mmewahi. Atameza vidonge miezi mitatu, na baada ya hapo nitakuwa namtazama kila mara, kwa sababu ini lenye makovu haliaminiki. Ila ataishi, mama. Ataoa."

Zolbayar alifunga vifungo vya joho la baba yake, akatoka nje kumpigia Uyanga simu. Yanjmaa alibaki.

"Daktari, vidonge hivi vilikuja lini hapa?"

"Mwaka juzi mama, vilikuwepo."

"Mwaka juzi mume wangu alikuwa mzima. Alikuwa akipanda farasi. Aliwahi kuja hapa, hospitali hii, akalalamika tumbo. Akaambiwa apunguze kunywa."

"Na nani?"

"Unaniuliza mimi? Akarudi nyumbani akacheka. Akasema, mke wangu, wameniambia nipunguze, nimepunguza nini sasa, maziwa?"

Daktari alikaa.

"Angepimwa siku ile," Yanjmaa alisema, "angepona?"

Alikuwa mwanamke aliyewadai watu wote ukweli, shemeji, mkwe, mwalimu mkuu, wilaya nzima. Mara hii tu, akimtazama kijana yule aliyevaa koti jeupe, alitamani adanganywe.

"Pengine," daktari alisema. "Pengine sana, mama."

Yanjmaa aliitika kwa kichwa. Akachukua dawa za mwanawe, akaziweka kifuani ndani ya joho, akafunga mkanda kwa nguvu, akatoka kwenda kumtafuta. Koridoni palikuwa na mzee mmoja wa kutoka mbali, ameketi na uso wa rangi ya siagi, na mbele yake muuguzi alikuwa akimuuliza, bila kumtazama, kama anakunywa sana.

"Usimuulize hivyo," Yanjmaa alimwambia, akasimama. "Mpime."